Fomu ya Kuacha Kazi kwa Hiari

Shuka la kwanza lilitoka kwenye mashine likiwa limelambwa. Mpiga pasi alilishika saa mbili kasorobo asubuhi, jua likiwa limeshajaa dirishani, na hakuhitaji kuambiwa na mtu. Maji ya kufulia hayanati vidoleni. Hayanuki kinywa cha mtu aliyelala na njaa. Alilitupa kapuni, akajipangusa mikono kwenye aproni mpaka ngozi ikamuuma.

"Wifi, hebu njoo unuse hili."

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa akikunja foronya meza ya pili. Alinusa, akafinya uso. "Hilo amelilalia kaka yangu. Nimekua naye, naijua harufu yake ya asubuhi."

Wakacheka, maana wifi na wifi wasipotaniana, nani atawatania? Lakini shuka la pili lilitoka vilevile, na la tatu.

Mashine ilikuwa na wiki mbili tu pale dobini. Ilifua, ikakausha, ikakunja, na kwa ajili yake watu kumi na mmoja walikuwa wapunguzwe wabaki wanne. Ilikuja pamoja na meneja mpya, ambaye kila akifunua karatasi alilamba kidole kwanza, wakampa jina la Mate. Kulamba kidole si dhambi. Ila ulimi wa Mate ulikuwa wa kijivu, ulitoka taratibu, ukakizunguka kidole mara mbili ndipo ukarudi ndani. Waliomwona hawakula mchana.

Hakutoa notisi wala kuitisha kikao. Aliwaita mmoja mmoja, akawasogezea fomu yenye mstari mmoja: Naacha kazi kwa hiari yangu mwenyewe.

Mzee wa boila, mchemsha maji ya kufulia, ndiye aliyetangulia kusaini. Alitoka ofisini akitabasamu. "Nimeamua mwenyewe," alisema, na kesho yake akarudi, akasimama kando ya mashine akitazama ndani, kutwa nzima bila kukaa. Mkewe alipiga simu kuuliza mbona mume wake harudi nyumbani. Mzee alikuwa amepauka na kukunjamana kama vidole vilivyoshinda majini, na ukimgusa, ngozi inabaki mkononi mwako. Wengine wakasaini, nao wakaja kusimama pale. Jumatano mpiga pasi alifungua kichujio cha mashine kutoa nyuzi, akatoa kucha nane na jino. Alitapika kwenye ndoo ya sabuni. Alifanya vizuri, mwenye tumbo la kuvumilia mambo hayo si mtu wa kukaa naye.

Mchana huo alijificha nyuma ya matangi ya maji, akampigia katibu wa chama cha wafanyakazi.

"Katibu, utaniona nimechanganyikiwa. Huku kuna kitu kinakula watu."

Katibu hakucheka. "Wamesaini wangapi?"

"Watano."

"Sikiliza, mama. Kupunguzwa ni jambo moja, kujiuzulu ni jambo lingine. Anayekupunguza ana wajibu kwako. Akupe notisi kwa maandishi, akwambie sababu, akwambie amekuchaguaje wewe na si mwenzako, na kama kuna kazi nyingine akufikirie. Ukisaini kwamba umependa mwenyewe, yote hayo umeyafuta. Na hicho kilichomo humo si mara yangu ya kwanza kukisikia. Hakimchukui asiyejitoa."

"Kwa hiyo nikatae tu?"

"Kataa, na udai. Kesho asubuhi nipo hapo. Ila usije ukamtoa mtu mwingine ili upone wewe. Aliyetolewa na mwenzake sina dawa yake."

Aliporudi ndani, Mate alikuwa amesimama mlangoni akimwita kwa kidole.

Zulia la ofisi lilikuwa limelowa. Kila hatua lilifyonza kiatu chake, likakiachia kwa shida, na ile harufu ya kinywa iliyokuwa kwenye mashuka humo ndani ilikuwa nzito kiasi kwamba aliisikia kwenye meno yake mwenyewe, joto, chachu, kama chakula kilichotafunwa na mtu mwingine, na alipofungua mdomo kusema aliogopa kwamba badala ya maneno angetoa matapishi, lakini alisema, kwa sauti ndogo ya mtu anayesali gizani, kwamba anataka notisi kwa maandishi, na anataka sababu, na anataka kujua amechaguliwaje, na kila alilodai ule ulimi uliokuwa umening'inia juu ya meza ulirudi nyuma kidogo, ukatetemeka, mpaka ukabaki ncha tu kwenye midomo.

Kisha Mate akatabasamu. "Mbona fomu yako ninayo?"

Ilikuwa na saini yake kabisa. Wafanyakazi wa pale walikuwa na mazoea ya kusainiana kwenye daftari la mahudhurio. Aliyewahi humsainia aliyechelewa, na yeye na wifi yake walikuwa wamesainiana miaka tisa. Wakati yuko nyuma ya matangi, fomu zilipitishwa mezani, na Mate akasema watakaosaini leo ndio watakaokumbukwa kwanza nafasi zikirudi. Wifi yake alisaini ya kwake, akamsainia na mwenzake, asije akakosa.

"Si mkono wangu," mpiga pasi alinong'ona.

"Ni wa nani? Mtaje tu, uende ukapige pasi."

Maneno ya katibu alikuwa nayo sikioni. Alijua. Lakini ulimi ulishuka mezani, ukagusa kifundo cha mkono wake, wa vuguvugu, una magaga, na akataka kitu kimoja tu duniani, utoke.

"Ni wa wifi yangu."

Ulitoka. Nje mashine ikaanza kuzunguka.

Asubuhi katibu alifika na faili kwapani. Alisimama mbele ya mashine, akasema kwa sauti kwamba saini iliyopatikana kwa vitisho na uongo si hiari, akazichana fomu zote. Mashine ilicheua mara tatu. Waliokuwa wamesimama kando yake wakaanza kukohoa, wakakaa chini, mzee wa boila akaomba maji. Ofisini walikuta suti ya Mate imelowa, imekunjwa vizuri juu ya kiti.

Watano walirudi kwa wake na waume zao. Wiki hiyohiyo kila mtu alipewa notisi yake na sababu zake, na mpiga pasi alikuwa miongoni mwa wanne waliobaki. Wifi yake hakuonekana. Katibu alitazama ndani ya mashine, akamtazama mpiga pasi kwa muda mrefu, akafunga faili lake bila kuaga.

Mume wa mpiga pasi alizunguka vituo vya polisi na hospitali siku kumi. Ya kumi na moja alikaa kitandani, akamwuliza kama dada yake alisema lolote kabla ya kutoweka.

"Hakusema," alijibu mpiga pasi.

"Najua ungejua ungeniambia," akasema mumewe, akamshika mkono, akaubusu.