Jina Lililoitikiwa Sebuleni

Mimi sikuambiwa. Niliona. Kuna watu hapa Sotik wanaosimulia habari hii hotelini ili wanunuliwe chai, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ndani ya ile nyumba. Mimi nilikuwa ndani. Tochi iliyommulikia fundi Mageto ilikuwa mkononi mwangu, na si tochi ya mchezo. Ukimulika ng'ombe aliye kilima cha pili, anafumba macho.

Na mtu asiniulize nilijuaje yaliyokuwa moyoni mwa Mageto. Nilikuwa karibu naye hivi kwamba moyo wake ukiruka, mkono wangu ndio unatikisika.

Ilikuwa jioni. Majani ya chai yalikuwa yameshapimwa, lori la kiwanda limeondoka, akina mama wanapanda kilima na vikapu vitupu mgongoni. Mvua ya mchana ilikuwa imepungua lakini haijaisha. Mageto alikuwa anafunga kibanda chake cha kutengeneza kompyuta wakati simu ilipolia. Alipoona jina kwenye kioo, akaketi tena.

Gogo Chepngetich, yaani Nyanya Chepngetich. Mjane wa Mwalimu Kipyegon.

"Fundi," Gogo akasema, "ile kompyuta ya mzee imekataa kuwaka. Jana ilikuwa sawa kabisa. Leo imekufa tu. Na kijana wangu Kipkurui ana mtihani wa chuo cha Kabianga, anaufanyia hapo."

"Gogo, si mniletee hapa kesho?"

"Haitoki hapa. Kuja."

Simu ikakatika.

Tangu wamzike Mwalimu, Mageto hakuwa amekanyaga boma lile. Siku ya mazishi yenyewe alisimama nyuma kabisa, karibu na ua, akaondoka kabla ya chakula. Na Mageto ni mtu wa kupenda chakula. Sasa alinikuta mimi barabarani akasema twende wote, nimshikie tochi. Nilishangaa, maana yeye hutembea peke yake hata usiku. Lakini sikuuliza. Kwa Gogo kuna mursik nzuri, maziwa ya mgando ya kibuyu.

Tukashika njia ya katikati ya michai. Majani yaliyolowa yalikuwa yanatupaka maji mapajani. Hata kabla ya kufika kwenye lango, tukamsikia mtoto.

Haikuwa sauti ya mtoto mwenye njaa. Ilikuwa kavu... ya kukwaruza... kama bawaba ya mlango wa zamani.

Gogo alikuwa amesimama mlangoni, leso mabegani.

"Chamgei, fundi."

"Chamgei mising, Gogo."

Akanitazama mimi. "Na huyu mwenye mdomo, amekuja kutengeneza nini?"

"Mimi namshikia tochi, Gogo."

"Basi shika tochi. Mdomo uache hapo nje."

Kompyuta ilikuwa pale pale sebuleni, kwenye meza ya pembeni, chini ya kitambaa cheupe cha kufumwa. Kwenye chumba cha ndani, nyuma ya pazia, Janeffer, mke wa Kipkurui, alikuwa na mtoto wake mchanga na wamama wengine wa ukoo. Kipkurui mwenyewe alikuwa ameenda Litein kutafuta dawa ya mtoto.

"Dawa ya nini?" Mageto akauliza.

Gogo akashusha sauti. "Hanyonyi. Analia tu. Hatujampatia jina. Na watu wa kanisa wasijue nimekwambia."

Mageto ni Mkisii, lakini amezaliwa hapa, alijua. Mtoto wa Kikipsigis akizaliwa, wamama humwitia marehemu wa ukoo, jina baada ya jina, huku wakimnusisha ugoro kidogo. Jina atakalolipigia chafya, huyo ndiye amerudi. Na jina linakuwa lake.

"Tumeita wote," Gogo akasema. "Wa juu na wa chini. Anatukataa. Anaangalia huku." Akaonyesha kwa kidevu. Alionyesha ile kompyuta.

Mageto akalamba midomo. "Na Mwalimu... mmemwita?"

"Huyo siwezi kuita."

"Kwa nini, Gogo?"

"Sijui alikufa na nini. Alitoka kuchuna chai amelowa, akaketi hapo kuandika programu ya kanisa, nikasikia kiti kimeanguka. Daktari akasema moyo. Majirani wakasema amerogwa. Mtu ambaye hujui kilichomuua haumwiti kwa mtoto. Atakuja nacho." Akavuta leso. "Siku nitajua, nitamwita. Wewe tengeneza mashine."

Akaingia ndani. Pazia likaanguka nyuma yake.

Mageto akapiga magoti chini ya meza. Kwanza alichomeka chaja ya simu yake kwenye soketi ya ukutani. Simu ikaingiza moto. Soketi iko hai. Akachomoa waya wa kompyuta, akatoa mwingine kwenye begi lake, akachomeka. Akabonyeza.

Kimya.

Akaangalia kile kiswichi chekundu cha nyuma, kikawa sawa. Akafungua ubavu wa sanduku kwa bisibisi, akapuliza vumbi, akatoa kadi za ndani, akazirudisha. Akabonyeza.

Kimya.

Mwisho akaichomoa ile pawa, lile boksi la ndani linalogawa stima, akachukua kipande cha waya akaunganisha tundu la kijani na jeusi. Hivyo ndivyo mafundi wanavyoiuliza pawa kama bado inapumua. Feni yake ikikataa kuzunguka, hiyo ni maiti. Akawasha soketi.

Haikuzunguka.

"Imekufa," akaninong'oneza. Nikaona amefurahi. Mashine iliyokufa haina la kusema. Akaanza kukusanya vyombo vyake upesi upesi, na hapo ndipo mkono wake ulipoushika ule waya wa kwanza aliouchomoa. Waya wa Mwalimu. Karibu na plagi ulikuwa umefungwa tepi nyeusi, na ile tepi ilikuwa imelegea kwa unyevu.

Nikaisogeza tochi. Ndani ya tepi kulikuwa na ncha ya waya wa kijani na njano. Imekatwa safi. Imekunjwa nyuma ili isiguse kitu.

Mageto akaufumba mkononi.

Niwaeleze, maana si wote mafundi. Zamani kidogo Mwalimu alikuwa amemwita Mageto. Kila akiwasha kompyuta, swichi ya mita inaruka, nyumba nzima giza. Maana yake kuna moto unavuja hadi kwenye bati la sanduku, na ule waya wa kijani unaurudisha ardhini kama unavyotakiwa. Fundi anayejiheshimu anatafuta moto unakovujia. Siku hiyo Mageto alikuwa na haraka, kuna mteja mwingine Kabianga. Akaukata ule waya wa kijani. Swichi ikaacha kuruka. Mwalimu akampigia makofi.

"Wewe ni daktari, Mageto!"

"Imepona, Mwalimu. Ila ukiigusa inaweza kukuuma vidole kidogo. Ni kawaida."

Ni kawaida. Basi wote pale nyumbani wakazoea kuvaa malapa ya mpira wakitumia ile mashine, wakicheka kwamba inauma kama siafu. Hadi siku Mwalimu alipotoka chai amelowa, miguu mitupu, akaegemea bati.

Kule ndani wamama wakaanza tena kuita. Sauti za chini, kama za watu wanaobembeleza ng'ombe kwenye giza. Jina. Kimya. Jina lingine. Kimya. Harufu ya ugoro ikapenya kwenye pazia.

Radi ikapiga upande wa Bomet.

Stima ikapotea.

Nyumba nzima giza, ila tochi yangu. Mtoto akanyamaza ghafla. Mvua peke yake juu ya mabati... na kupumua kwa Mageto.

Alikuwa bado amepiga magoti, waya wenyewe mkononi. Kompyuta iko mbele yake, ubavu wazi, pawa iko sakafuni, haijaunganishwa na kitu chochote. Akainamisha kichwa hadi paji la uso likagusa bati. Nikamsikia ananong'ona.

"Mwalimu Kipyegon... nisamehe."

*Tik.*

Kitu kikasogea ndani ya sanduku.

Feni ikazunguka. Polepole, kama mzee anayeinuka kitini. Halafu kasi. Taa ndogo ya kijani ikawaka mbele. Stima haipo, waya haupo, pawa iko sakafuni na ni maiti.

Upepo wa ile feni ukampiga Mageto usoni. Ulikuwa wa joto. Ulinuka majani mabichi ya chai yaliyolowa, na shati la mtu aliyefanya kazi siku nzima.

Hakuweza kurudi nyuma. Magoti yalikuwa yameshikwa na simiti.

Feni ikavuta pumzi... ikavuta... ikavuta... ikasimama.

Halafu chafya.

Haikutoka chumbani. Ilitoka ndani ya bati. Chafya ya mtu mzima, nzito, ya mwalimu mwenye chaki puani.

Kisha hatua za Gogo. Pazia likafunguka.

"Nani amepiga chafya?"

Mvua.

"Nauliza. Nani amepiga chafya, na nani ameita?"

Mageto akainua uso. Machozi yalikuwa yanateremka hadi kwenye ndevu. Akaufungua mkono, akaunyoosha ule waya kwenye mwanga wa tochi yangu.

"Gogo, nimemwita mimi. Ameitikia. Na mimi ndiye ninayejua kilichomuua. Ni huu waya. Niliukata kwa mkono huu, kwa sababu ya haraka. Hakurogwa na mtu. Si moyo. Ni mimi."

Gogo hakupiga kelele. Aliuchukua ule waya, akaukunja kama mtu anavyokunja leso ya marehemu, akarudi ndani. Tukamsikia analiita lile jina kwa sauti kamili, bila woga, jina la mumewe. Na mtoto akapiga chafya. Ndogo, safi, kama ya paka. Wamama wakapiga vigelegele hadi ng'ombe wakaamka. Taa ya kijani ikazimika. Mtoto akanyonya.

Hivyo ndivyo ninavyoisimulia kwenye hoteli za mbali, ambako hakuna anayemjua Gogo, na watu hufuta macho, na mmoja huwa anaongeza chapati.

Lakini leo naandika, na kuandika si sawa na kusema. Kuna kitu kimoja hapo nilikitunga. Mtadhani ni ile chafya ya kwenye bati. Hapana. Feni ilizunguka, harufu ilikuwepo, chafya niliisikia kwa masikio yangu. Hata sasa nikipita pale jioni, stima ikipotea, nasikia kitu kinavuta pumzi chini ya kile kitambaa cheupe, na mimi huongeza mwendo.

Nilichotunga ni kuanzia pale Mageto alipoufungua mkono.

Hakuufungua.

Gogo alipouliza nani amepiga chafya, Mageto aliuingiza ule waya mfukoni, akajipangusa pua kwa mkono wa shati.

"Ni mimi, Gogo," akasema. "Hii mvua imenipa mafua."

Na kule ndani mtoto akaanza tena kulia, ile sauti ya bawaba. Miezi imepita, sasa anatambaa. Mwembamba, macho makubwa, na kila akiachwa sakafuni anatambaa kuelekea meza ya pembeni. Wanamwita Amosi, jina la kanisa. Hilo lingine hana. Gogo bado humwitia jioni, jina baada ya jina, yote isipokuwa moja.

Ile jioni Gogo hakumwamini Mageto mara moja. Aligeuka akanitazama mimi, mwenye tochi.

"Ni yeye kweli amepiga chafya?"

Nami, mwenye maneno mengi kuliko mtu yeyote kutoka Sotik hadi Fort Ternan, nilitafuta mdomo wangu nisiupate. Nilikuwa nimeuacha nje, kama alivyoniambia.