Koo la Mbuzi

Uliuona moshi. Usiseme hukuuona. Ulikuwa umesimama Rhotia unanunua mahindi ya kuchoma, ukatazama juu msituni, ukasema, "Wafugaji hao," kisha ukapandisha kioo cha gari. Ndani ya moshi ule alikuwamo Evarista, mama wa chai.

Msitu ule ni wa serikali, maana yake ni wako. Jumapili baada ya misa watu wa Karatu hupanda na watoto wao hadi kwenye maporomoko ya maji, wakishuka wanakula chapati za Evarista kwenye banda la kupumzikia. Ijumaa alilala humo humo ili awahi wageni wa asubuhi. Hakuna aliyejua. Alfajiri banda liliungua naye.

Sajenti Selina wa kituo cha Karatu alifika majivu yakiwa bado ya moto. Nyuma ya banda, mahali moto ulipoanzia, alikuta shimo la kuchomea nyama, mifupa, kipande cha shuka nyekundu na kichwa cha mbuzi kilichoungua upande mmoja.

Mkuu wake alimpigia simu kabla hajamaliza kuzunguka. "Hiyo kesi imekwisha, Selina. Morani wamefanya orpul yao, ile karamu yao ya nyama msituni, wakaacha moto. Mchukue yule Ngoitiko anayetembeza wageni. Jumatatu asomewe mauaji."

"Mkuu, sijamuuliza hata mtu mmoja."

"Utamuuliza akiwa ndani."

Getini kibao kipya kilikuwa kimeshasimama. MSITU UMEFUNGWA KWA UMMA KUTOKANA NA MOTO. KUINGIA NI KUPITIA KAMBI YA WAGENI TU. Selina alikisoma, akakigusa, akafuta kidole kwenye suruali. Kidole kilikuwa kisafi.

Mtu wa kwanza kumhoji alikuwa Leonce, mlinzi wa msitu, maana kila mtu Rhotia anajua Leonce hurina asali kwa moshi.

"Sema ukweli, Leonce. Ulikuwa kwenye mizinga?"

"Mama, mizinga yangu yote sita imeungua. Ningejichomea mwenyewe?" Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Evarista alikuwa ananitukana kila asubuhi. Leo nimekuja, hakuna wa kunitukana."

Selina alimwacha. Alirudi kituoni, akamtoa Ngoitiko mahabusu alikokuwa ameshawekwa kwa amri ya mkuu, akamweka mbele ya meza. Kijana wa Malambo, mrefu, shuka yake wamemvua.

"Ijumaa ulilala wapi?"

"Kwa Simon, fundi pikipiki, hapa hapa mjini. Muulize, afande. Amelalamika nakoroma kama lori."

Simon alikuwa ameshaulizwa, na kweli alilalamika. Lakini mkuu alisema rafiki hawezi kuwa shahidi. Selina akafungua mfuko, akaweka kichwa cha mbuzi mezani.

Ngoitiko alikigeuza kwa kidole. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Nani kamkata koo huyu?"

"Si nyie mmechinja?"

"Orpul hatukati koo, afande. Tunambana pua na mdomo mpaka atulie. Damu inabaki ndani, ndiyo tunayokunywa. Huyu ni mbuzi wa bucha." Akakisukuma mbali. "Kunifunga mnifunge, lakini si kwa mbuzi huyu. Baba yangu atachekwa Malambo yote."

Selina alipanda tena msituni. Kando ya shimo alifukua majivu kwa koleo. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, umeganda kwa damu. Aliyechinja pale aliimwaga yote chini, kama wanavyofanya bucha, kisha akatupa shuka juu ili wewe na mimi tuseme, "Wafugaji hao."

Jioni alikwenda kambini kwa Herbert, mwenye mahema na mwenyekiti wa kamati ya utalii ya msitu. Herbert akamkaribisha kiti.

"Dada Selina, pole na kazi. Hawa watu bila kuwafungia msitu watatumaliza."

"Kibao kile cha getini umeandikisha lini?"

"Leo asubuhi, baada ya moto. Lazima tuwahi."

"Rangi ya mafuta?"

"Ndiyo, ya kudumu."

"Herbert, mimi nimezaliwa Rhotia. Kwa ukungu huu, rangi ya mafuta haikauki asubuhi moja. Mlango wa mama yangu ulituchafua siku tatu. Kibao chako nimekigusa kabla ya saa nne, kimekauka kama sahani. Uliandikaje habari za moto ambao haujawaka?"

Herbert alimtazama mpishi wake, mpishi akatazama sufuria.

"Na mbuzi mmemchinja kama mnavyowachinjia wageni," Selina akasema. "Desturi ya watu mmeiazima, hamkuuliza inafanywaje."

"Ilikuwa nyasi tu," Herbert akasema polepole. "Nyasi na banda. Wageni wangu wanalipa wapate utulivu, wanakuta watoto wanapiga kelele majini. Banda lilitakiwa liwe tupu."

"Lilikuwa na Evarista."

Herbert alinyoosha mikono mwenyewe kupokea pingu.

Usiku ule Ngoitiko alirudishiwa shuka yake. Getini, Leonce alimuuliza Selina mbona kibao bado kipo.

"Nakamata watu, Leonce. Kibao kina muhuri wa kamati. Wanakijadili kesho kwenye mkutano wa kata."

Basi ndiyo hivyo. Mwenye kiberiti yuko ndani, alichokitaka bado kimesimama. Kamati ilipofunga njia ya kuni tulinyamaza. Walipofunga chemchemi tukasema bomba litakuja, na hadi leo tunalisubiri. Kesho asubuhi wanakamati watauliza kama kuna mwenye pingamizi, watatazama viti vitupu, watagonga meza. Njoo na watoto wako, ukae kiti cha mbele, useme pingamizi lipo. Kisha pandeni wote mkaking'oe kibao kile kwa mikono yenu. Teremsha kioo. Shuka garini.