Maoni Arobaini na Moja

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wa Gredi ya Saba katika shule moja mjini Elburgon waliingia chumba cha kompyuta kusoma blogu ya darasa lao. Kila mmoja alitakiwa kuandika kisa chake, kisha asome vya wenzake na kutoa maoni.

Wachuka alikuwa bingwa wa maoni. "Umerudia neno hili mara tatu," angeandika. "Mwisho hauna ladha." Wenzake walimwogopa, naye akavimba kichwa. Kisa chake mwenyewe kilikuwa "kinakuja" tangu muhula uanze.

Ijumaa moja, Naliaka, msichana mpole wa dawati la nyuma, aliandika kuhusu baba yake aliyekatwa vidole viwili na msumeno wa kupasulia mbao. Alieleza jinsi anavyomfunga vifungo vya shati kila asubuhi. Wachuka alikipitia kisa hicho haraka, akaandika: "Hiki si kisa, ni malalamiko tu."

Jumatatu, kisa kilikuwa kimefutwa.

"Unajua babake alikisoma kwa simu?" Jepkemei, aliyeketi karibu na Wachuka, alimwambia. "Akawaonyesha hadi watu wa kanisani kwao. Halafu wakasoma ulichoandika hapo chini."

Masikio ya Wachuka yaliwaka moto.

Mwalimu Eucabeth hakumkaripia. Alimwita kwenye kompyuta, akamwuliza kwa upole, "Umetoa maoni arobaini na moja. Umeandika visa vingapi?"

"Hakuna, mwalimu."

"Basi keti. Andika kimoja kuhusu mtu wa kwenu."

Wachuka aliandika, "Mama yangu ni mzuri." Akafuta. "Mama yangu huuza viazi kando ya barabara." Akafuta tena. Alilijua jambo la kweli: akiwa na wenzake, yeye huvuka ng'ambo ili mama asimwite. Hilo angeliandikaje? Nusu saa ilipita bila neno hata moja kubaki. Machozi yakamlengalenga.

"Siwezi, mwalimu. Naogopa watakavyosema."

"Nani atasema?"

Wachuka aliinamisha kichwa. "Mtu kama mimi."

Jioni hiyo alimwomba Naliaka msamaha, kisha wakaandamana hadi nyumbani kwa kina Naliaka. Baba Naliaka alikuwa ameketi mlangoni akimenya mahindi. Wachuka alishindwa kumtazama usoni.

"Mzee, yale maneno niliyaandika mimi. Nilikosa. Nisamehe."

Mzee aliweka hindi chini. "Yaliniuma," akasema. "Nilimwuliza mtoto wangu kama mimi ni mzigo kwake, akalia. Lakini umekuja mwenyewe kwa miguu yako. Nimekusamehe. Sasa nawe andika chako, tukisome."

Ijumaa iliyofuata, kisa cha Naliaka kilirudi kwenye blogu. Chini yake palikuwa na kipya, kuhusu msichana anayevuka barabara ili asionekane na mamake. Wachuka alikuwa amekwisha kumsomea mama kisa hicho, huku sauti ikikatika, na mama akamkumbatia. Hata hivyo, darasa liliposoma, alitamani kujificha chini ya meza. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu Eucabeth alisimama mbele yao.

"Kumkosoa mwenzako si vibaya, maana ndivyo tunavyofundishana," alisema. "Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Andika chako kwanza. Ukishaonja hofu ya kusomwa, utajua namna ya kumsoma mwenzako kwa heshima."

Wachuka aliitikia kwa kichwa, uso wake ukiwa bado moto.