Boksi Lililobeba Mgomba

Siku Khisa alipoacha kulia, watu wa nyuma ya duka walimpongeza mama yake. Rispah mwenyewe alishukuru, maana mtoto huyo alikuwa na koo la tarumbeta na hakumpa nafasi ya kufanya kazi.

"Leo umempa nini, Mama Khisa?" waliuliza. Akacheka tu.

Kazi yake ilikuwa kubomoa maboksi ya duka moja la jumla mjini Kitale. Unakata selotepu ya chini, unakunja pembe, unakanyaga, unapanga, halafu unafunga bunda kwa kamba ya katani. Boksi moja zuri huachwa zima, likawekwa kivulini, na mtoto hulala humo. Kila mama wa kazi hiyo hufanya vivyo hivyo, mengine anamwachia Mungu.

Boksi la Khisa lililetwa na Wamalwa, shemeji yake, ambaye alikusanya maboksi sokoni Chwele kwa bodaboda. Lilikuwa refu na gumu, na lilinuka utomvu wa mgomba na udongo mbichi. Rispah alidhani lilibeba ndizi. Akatandika leso, akamlaza mwanawe, na kabla ya chai kilio kilikuwa kimekwisha.

Kesho yake ndani ya boksi palikuwa pamelowa mkojo. Alimhamishia Khisa katika boksi jingine, akalibomoa lile refu. Lilimsumbua. Alilikanyaga, likainuka tena polepole, mpaka akalikalia kwa nguvu zake zote. Akalifunga katikati ya mengine.

Hapo mtoto akalia.

Rispah aligeuka. Khisa alikuwa amelala chali, mdomo umefumbwa, akimtazama kwa utulivu ambao watoto hawana. Kilio kilitoka kwenye mabunda. Ilikuwa sauti ya Khisa hasa, ile ya njaa, inayopanda kisha inakatika kwa kwikwi. Matiti ya Rispah yakaanza kutoa maziwa. Alikata kamba ya bunda la kwanza na kilio kikahamia la pili, akakata la pili kikahamia la chini kabisa, na alipoanza kulivuta lile la chini dereva wa pikapu alikuwa amefika na anapakia, na hakuna mwingine pale aliyesikia chochote.

"Ngoja, tafadhali! Mtoto wangu yuko humo!"

"Si huyo hapo kwa boksi?" dereva alisema. "Wacha mchezo, mama. Bungoma wananingoja."

Pikapu iliondoka na kilio ndani yake. Wamalwa alimkuta Rispah amekaa chini, Khisa kifuani, maziwa yakimwagika na mtoto hataki hata kuyaonja.

"Shemeji, lile boksi refu ulitoa wapi?"

"Lilikuwa limetupwa tu."

"Wapi, Wamalwa?"

Aliinamisha kichwa. "Kwa matanga."

Kijana mmoja wa Chwele alikuwa amepotelea ng'ambo ya mpaka, na mwili haukuonekana. Jamaa zake walifanya desturi: walikata mgomba kule Suam, mpakani, alikoonekana mara ya mwisho, wakaulaza ndani ya boksi, wakaubeba huku wakimwita kwa jina njia nzima ili awafuate, wakauzika nyumbani badala yake. Wamalwa ndiye aliyepewa boksi akalichome. Alilitazama, likiwa zima na gumu hivyo, akaona ni hasara bure.

Walimpigia simu kukhu, bibi yake Wamalwa.

"Huyo hakushuka kaburini, wanangu," alinong'ona. "Aribaki kwa boksi. Sasa mumevunja kitanda chake, ameingia kwa mutoto, mahali pana joto, na mutoto mwenyewe amemusukuma kwa boksi. Tafuteni hiro boksi muchome karibu na mutoto. Likipondwa, sina neno lingine."

Wamalwa aliendesha pikipiki kama mwenye kichaa. Walipopita Kiminini, Khisa alianza kuwa mzito mgongoni. Leso ilimkata Rispah mabegani. Hakuthubutu kugeuza shingo, na aliona aibu kwamba anamwogopa mtoto aliyemzaa.

Uani kwa wanunuzi wa maboksi, Bungoma, mabunda yalikuwa yamepangwa hadi kwenye bati, na mashine ya kukandamiza ilikuwa inanguruma. Rispah alimsikia mwanawe mara moja. Aliingia kati ya mabunda akikata kamba, akirusha maboksi ya sabuni na ya mafuta na ya biskuti, akimwita Khisa, Khisa, mama yuko hapa, na kilio kikajibu mkono wa kulia, kikajibu mkono wa kushoto, kikajibu kutoka juu, huku wafanyakazi wakimvuta mikono na Wamalwa akiwasihi wazime mashine, na mtu mmoja akisema subirini tumalize hili moja tu, na chuma kikashuka, na kilio kikapanda kama kinavyopanda siku zote, lakini safari hii hakikufika kwenye kwikwi.

Mashine ikazimwa. Uani pakawa kimya.

Mgongoni mwake kitu kilijinyoosha, kikapumua kwa kina, kikapiga miayo. Kisha sauti ya mwanamume, nzito na yenye usingizi, ikamuuliza sikioni:

"Mama, tumefika nyumbani?"

Wamalwa alirudi nyuma mpaka akaanguka juu ya maboksi. Rispah hakuwa na pa kukimbilia, maana mzigo ulikuwa umefungwa mwilini mwake. Mkono wake ulikwenda nyuma wenyewe, ukaanza kumpapasa taratibu.

"Bado, baba," alisema huku machozi yakimtoka. "Lala."