Aliyekanyaga Breki

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa. Redio inatangaza mpira, jua limetulia, na Mzee Spana amelala chali chini ya gari lake, miguu nje, kama tulivyomzoea. Huyu mzee ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na jina la Spana tulimbandika sisi majirani siku aliponunua kile chuma chakavu: gari la michezo la Kiingereza, la kizamani, viti viwili tu, boneti ndefu, rimu za spoku. Lilikuja limebebwa na lori, ndani mna viota vya panya. Mkewe alisema mumewe ameongeza mke wa pili, tena kaoa kikongwe.

Lakini mzee alikuwa na lake moyoni. Kitinda, binti yao wa mwisho, alikuwa ameshaposwa, na tangu akiwa mdogo baba yake alimwahidi kwamba siku ya harusi atampeleka mwenyewe, kwa gari ambalo mtaa mzima utatoka nje kulitazama. Basi akalifungua lote mpaka likabaki mifupa, akalirudisha kipande kwa kipande ndani ya banda lililo nyuma ya nyumba. Akalipiga rangi ya kijani. Akashona viti, akafunika turubai jipya juu, akavalisha pedeli ya breki mpira mpya wenye mistari. Kilichobaki ni kutoa upepo kwenye breki.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja hukaa kwenye usukani, mwingine hulala kwenye gurudumu na spana. Wa chini akisema "kanyaga", wa juu anakanyaga pedeli. Akisema "shikilia", wa juu anaibana hapo hapo sakafuni, wa chini anafungua nati, upepo unatoka pamoja na mafuta, anafunga. Ndipo husema "achia". Wa juu haruhusiwi kuondoa mguu kabla ya kuambiwa, maana upepo utarudi na kazi yote iwe bure.

Wa juu alikuwa mkewe, amenuna, khanga kiunoni.

"Kanyaga. Shikilia!"

"Haya."

"Achia."

"Haya, bwana mkubwa. Na nguo yangu ya harusi iko kwa fundi, mwenyewe hata hujali."

Gurudumu la kwanza likaisha hivyo hivyo, kwa manung'uniko. Mzee akahamia upande wa pili. Boneti ilikuwa imeinuliwa, imeziba kioo cha mbele, na madirisha ya turubai yalikuwa ya plastiki yenye ukungu, kwa hiyo hakumwona aliye ndani. Redioni wakafunga bao, watazamaji wakapiga kelele.

"Kanyaga. Shikilia!"

"Nimeshikilia."

Alisikia kwamba sauti imekuwa ndogo. Akafikiri mkewe amechoka kugomba, akashukuru kimoyomoyo. Sasa kazi ilikwenda kwa raha. Akisema kanyaga, pedeli inashuka. Akisema shikilia, anajibiwa papo hapo, kwa adabu, "Nimeshikilia." Mafuta yalitoka safi. Mzee akaanza hata kupiga mluzi.

Gurudumu la mwisho lilikuwa karibu kabisa na mlango wa dereva. Akasema shikilia, akajibiwa, akafungua nati, akaifunga. Alikuwa anafungua mdomo kusema neno la mwisho aliposikia geti linagongwa.

"Baba Kitinda! Njoo unifungulie, mikono imejaa! Nimetoka huko kwa fundi wa nguo, we hata hukusikia nikikuaga!"

Ilikuwa sauti ya mkewe. Kutoka nje.

Mzee alibaki pale chini, spana mkononi. Redio ikaendelea. Akajivuta polepole, akasimama, akafungua mlango wa gari.

Kiti kilikuwa kitupu. Pedeli ya breki ilikuwa imezama mpaka sakafuni. Na imebaki pale.

Alitoka bandani mbio, na yule ni mtu ambaye hatujawahi kumwona akikimbia. Lile neno la mwisho hakulisema.

Tangu siku hiyo gari halikusogea. Walilisukuma vijana wa mtaa, magurudumu yamekaza. Akaletwa fundi wa breki mwenye gereji yake. Akafungua, akapima, akafunga. Hakuona ubovu wowote. Alipojaribu kuiinua pedeli kwa mkono, ikagoma. Alifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mzee, mimi nimezoea magari," alisema, sauti chini. "Hapa kuna mtu amekanyaga."

Hakutaka hata chai. Akaondoka.

Mzee Spana akampigia simu bibi aliyemuuzia gari, mjane wa makamo aliyekuwa na haraka ya kuliondoa uani kwake. Akamweleza yote. 

"Ulimwambia aachie?" bibi akauliza.

"Nani?"

"Binti yangu. Ndiye aliyekuwa akimkanyagia baba yake. Jeki iliteleza, kaka yangu, gari likamwangukia. Baba yake alikuwa ameshasema shikilia. Lile jingine hakuwahi kulisema. Tulimkuta mtoto bado amekanyaga, anamsubiri baba amwambie. Wanaume walishindwa kuutoa ule mguu. Na hakuwahi tena kusema neno zaidi ya hilo moja, 'Nimeshikilia', mpaka nilipomzika."

Mzee akasema pole.

"Kamwambie aachie," bibi akanong'ona. "Mwambie vizuri, kama baba. Halafu usimwite tena. Ni mtiifu mno yule mtoto. Ukimwita atakuja."

Mzee aliingia bandani mchana kweupe, mkewe amesimama mlangoni anamshika shati. Akainama kwenye mlango wa gari.

"Achia, mwanangu," alisema.

Pedeli ikapanda. Polepole, kama ya mtu aliyechoka. Gari likajisogeza kidogo mbele, likatulia. Mzee Spana akalia pale pale, na alilia kwa huruma zaidi kuliko kwa hofu.

Mkewe alimsihi aliuze. "Tutakodi gari lolote, hata pikapu!" Lakini fundi aliitwa tena, akalijaribu barabarani, akasema breki ziko sawa sasa. Kitinda naye alishawatangazia marafiki zake wote. Mzee akaona yamekwisha. Laiti angemsikiliza mkewe.

Siku ya harusi mtaa mzima tulitoka nje kweli. Turubai limekunjwa, kijani kinang'aa, Kitinda amekaa kushoto kwa baba yake, shela inapepea. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Ukumbi uko chini ya mteremko mrefu, na wageni walikuwa wamejaa mlangoni, watoto mbele, wamepanga mistari miwili.

Katikati ya mteremko mzee akagusa breki.

Pedeli ikazama. Haikushika kitu.

Akapampu. Tupu. Akavuta breki ya mkono, ikaja juu nyepesi. Gia ikakataa kuingia. Gari likaongeza kasi. Watoto wakawa wanapunga mikono.

"Baba?" Kitinda akasema. "Baba, mbona hupunguzi?"

Alikuwa amekatazwa. Alikumbuka kwamba amekatazwa. Akaziona nyuso za wale watoto.

"Kanyaga!" akapiga kelele. "Kanyaga, shikilia!"

"Nimeshikilia."

Magurudumu yakalia. Gari likasimama, bampa hatua chache kutoka kwenye magoti ya watoto. Wageni wakacheka, wakapiga makofi, wakidhani mzee anajionyesha.

Mzee hakugeuka haraka. Ile sauti ndogo, ya adabu, haikutoka kwenye pedeli. Ilitoka kushoto kwake.

Kitinda alikuwa anatazama mbele. Hapepesi macho. Mguu wake wa kulia umenyooka ndani ya gauni, umekandamiza sakafu mahali ambapo hapana pedeli yoyote. Bwana harusi akafungua mlango, akampa mkono. Kitinda hakuuona. Alikuwa anasubiri kuambiwa.

"Wekeni mawe!" mzee akasema. "Mbele ya magurudumu. Yote. Upesi, wanangu."

Wakaweka, huku wanacheka. Mzee akamsogelea binti yake sikioni.

"Achia, mwanangu."

Mguu ukalegea. Gari likaegemea mawe. Kitinda akapepesa macho, akamtazama baba yake, akamfuta machozi kwa ncha ya shela.

"Jamani baba, unalia nini? Naolewa, siendi vitani."

Akashuka, akashika mkono wa mumewe. Harusi ikawa nzuri. Anayesema ilikuwa na kasoro ni mchawi.

Kesho yake mama mtu alikaa uani anasafisha viatu vyeupe vya bi harusi. Cha kushoto kilikuwa na vumbi tu. Alipokigeuza cha kulia akamwita mumewe, sauti chini sana. Kwenye soli kulikuwa na mistari iliyodidimia, imenyooka, imeingia ndani ya ngozi.

Mzee Spana akaenda bandani. Akaupapasa mpira wa pedeli, ule aliouvalisha mwenyewe, mpya. Ulikuwa laini. Mistari yote imelika, kama uliokanyagwa miaka mingi bila kuachiwa.

Gari aliliondoa siku hiyo hiyo, kwa bei ya chuma. Na Kitinda haumwi, anacheka kama zamani, tunamwona akija kuwasalimu wazazi wake. Ila baba yake humsindikiza mpaka getini kila mara, humvuta pembeni, na sisi tulio upande wa pili wa ukuta tunamsikia anavyomnong'oneza.

"Achia, mwanangu. Achia."

"Nimeachia, baba," binti hujibu, kwa adabu.

Kisha huondoka, akiuburuta kidogo mguu wa kulia.