Kidole cha Sabuni

Kapsoit asubuhi ni baridi ya kung'ata mifupa. Chuma kilicholala karakanani usiku kucha ukikigusa, utaruka. Hilo kila fundi analijua. Sasa niambieni, ilikuwaje Kepher afungue mlango wake Jumanne ile, ashike kile kipande cha chuma juu ya meza, akikute kina joto kama yai lililotoka chini ya kuku?

Hakujali. Kepher alikuwa mtu wa kujiamini kupita kiasi. Miaka kumi na minane alikereza vyuma katika kiwanda cha majani chai kabla ya kufungua karakana yake mwenyewe, na wimbo wake ulikuwa mmoja: "Chuma hakijawahi kunishinda."

Kazi aliletewa na Joram, mfanyabiashara wa viazi kutoka Chepseon. Alitaka kalibu ya risasi, kipande cha chuma chenye tundu ambamo risasi hupata umbo lake. "Nyani wananimalizia viazi, fundi," alisema, macho yake yako barabarani. Nyani! Mtu mzima anaambiwa hivyo naye anaitikia kwa kichwa. Kepher alijua hiyo si kazi ya nyani. Lakini tundu laini namna ile hakuna fundi mwingine pale sokoni angeliweza, na sifa ilimpofusha.

Kalibu ya kwanza ilikwaruzika ndani, mkono uliteleza. Akaitupa haraka kwenye debe la vyuma chakavu, asimwambie hata mkewe. Ya pili ikatoka safi. Aliing'arisha siku tatu, mpaka ukichungulia ndani unaona jicho lako likikuchungulia.

Sasa, Kepher alikuwa na desturi ya kupima tundu kwa sabuni. Husindilia kipande cha sabuni ndani, akakisukuma nje, akalisoma umbo kwa vidole. Jumanne hiyo, mvua ya saa nane ilipoanza kupiga mabati, akaisukuma sabuni yake. Ikatoka na kucha.

Akaigeuza. Ilikuwa ncha ya kidole cha mtu, na mistari yake ya ngozi, kila mmoja mahali pake. Alicheka peke yake, kicheko kikavu, akaifinyanga ikawa donge. Akasindilia tena. Nyuma ya sabuni tundu likapiga mluzi mwembamba, na wala upepo haukuwepo, kisha harufu ya nywele zilizoungua ikajaa karakana yote, na alipoisukuma sabuni mara ya pili, kilitoka kidole kizima hadi kiungo cha pili, na kucha yake ilikuwa imepasuka katikati kutoka ncha mpaka shina, na Kepher akajikuta ameketi sakafuni kwenye mafuta machafu kwa sababu kucha ile aliijua, alikuwa ameiona miaka yote ya ndoa yake, ilikuwa kucha ya mkewe Loice, iliyokatwa na makasi ya kuchumia chai na haikuota vizuri tena.

Loice mwenyewe akaingia na chupa ya chai, shuka kichwani.

"Baba Velma, mbona umekauka hivyo?"

"Nionyeshe mkono."

"Mkono gani tena? Hiki kidole kimekufa ganzi tangu asubuhi."

Alikishika. Kilikuwa baridi kama chuma kinavyotakiwa kuwa.

Hawakungoja mvua ikatike. Walikwenda na kalibu kwa Mama Yunia, nabii wa kanisa la Roho nyuma ya soko, wakamkuta na waumini wake watano wakisali. Mama Yunia aliinusa kalibu, akairudisha mezani upesi.

"Jini," alinong'ona. "Hili lina kiu. Umelichongea mlango, mwanangu, ukaulainisha vizuri. Na mlango wa damu huanza na damu ya nyumbani kwa aliyeuchonga."

"Tufanye nini, Mama?" Loice aliuliza.

"Tuuzibe kwa moto. Lakini uniambie kweli. Ulitengeneza ngapi?"

Watu watano walimtazama. Loice pia, Loice aliyemsifu kila mahali kwamba mume wake haharibu kazi. Na Kepher, maskini, akaona aibu.

"Moja tu, Mama."

Wakarudi wote karakanani. Waliimba, wakapiga ngoma, naye Kepher akaliziba tundu kwa mashine ya kuchomelea. Moto ulipogusa, kitu kilipiga yowe ndani ya chuma mpaka mabati yakatetemeka, kisha kimya. Kidole cha Loice kikapata joto. Kepher alilia mbele za watu bila kujificha, alivyofurahi. Akampigia Joram simu kwamba kazi imeharibika. "Nitapita nyumbani tuongee," Joram akasema.

Saa moja jioni stima ikapotea, kama kawaida yake. Loice akawasha mshumaa, akauchomeka kwenye kipande cha chuma mezani. Kepher alikuwa anaosha miguu. Alipoinua macho, beseni likamponyoka.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Si kwa lile debe lako, wiki jana. Chuma kizuri hivi unakitupa? Kinashika mshumaa vizuri sana."

"Hodi hapa!" Joram alishaingia, koti la mvua limemlemea upande mmoja. Alitazama meza, akatabasamu polepole. "Kumbe iko. Na fundi ananiambia imeharibika."

"Imekwaruzika ndani," Kepher alisema. Hatimaye alilisema. "Niliiharibu mimi. Hiyo usichukue, nakuomba, nina mke."

"Nyani hawajali mikwaruzo, fundi." Joram aliuzima mshumaa, akaipigapiga kalibu mezani mpaka nta ikadondoka, akaitia mfukoni. "Asante, mama. Umenitunzia vizuri."

Kepher alitaka kumrukia. Akateleza kwenye maji ya beseni, akaanguka. Akasikia lango likifungwa, kisha kutoka gizani kule njiani, mluzi mwembamba ukienda pamoja na Joram.

Loice alipapasa meza, akaiokota ile nta. Akapitisha kidole juu yake, mara moja, mara mbili, akafika kwenye ufa wa kucha.

"Baba Velma," alisema taratibu, "mkono wangu wote siusikii."