Usipake Ndani

Haya yalimpata rafiki yangu Lorna, hapa hapa Vermont, na Lorna si mtu wa kuzua mambo. Alinunua kabati kuukuu la nguo kwenye nyumba ya marehemu mmoja. Binti wa marehemu alimwambia, "Nje paka rangi upendavyo, mama. Ndani usipake."

"We! Nipake nusunusu kama mvivu?"

Akalipaka rangi nyeupe katika gereji ya nyumbani kwake, nje na ndani. Rangi ilipokauka akalifunga kwa ufunguo, akachukua msasa, akasugua pembe na pale karibu na kitasa, ambapo mikono ingezoea kushika, ili lionekane limetumika miaka mingi. Alipochoka akaweka msasa chini.

Mlio wa mkwaruzo haukukoma.

"Wendell, acha utani wako!"

"Utani gani?" mumewe akajibu kutoka jikoni.

Mkwaruzo ukaendelea polepole, kisha kimya. Lorna akafungua, akamulika lile giza. Upande wa ndani wa mlango, usawa wa kifua, rangi ilikuwa imelika hadi kwenye mbao katika sehemu mbili, kila moja kama kiganja. Katikati, juu kidogo, palikuwa na ya tatu, pale mtu anapoegemeza paji la uso.